Orodha ya Odeta

Kila Jumamosi asubuhi Kija aliosha vyombo, akafagia uwanja wa kwao Kisesa, kisha akabaki na mdogo wake Maige wakati mama yao, Suzana, akiuza nyanya sokoni. Mchana alikwenda parokiani kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na alijua sala zote, tena alipenda watu wajue kwamba anazijua.

Jumamosi moja aliruka kamba na wenzake akamsahau Maige. Mtoto alianguka juu ya mawe, akapasuka kwenye paji la uso. Mama aliporudi na kuuliza, Kija aliogopa kuchapwa. Aliwahi kuwasikia watu wazima wakinong'ona kwamba vikongwe wenye macho mekundu ni wachawi. Basi akasema kwamba jirani yao Bibi Kashindye, mwenye macho ya namna hiyo, alipita, akamkazia Maige macho, na papo hapo mtoto akaanguka.

Uongo huo ulimwokoa na fimbo. Lakini mama alimwambia jirani, jirani akamwambia mwingine, na kabla ya wiki kwisha watu walikuwa wakibadilisha njia wanapomwona Bibi Kashindye. Alikuwa mjane anayeishi peke yake. Maneno ya aina hiyo yangeweza hata kumfukuza nyumbani kwake.

Jumamosi ilipofika zamu yake ya kuipokea jumuiya, yaani majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, Bibi alitandika mikeka, akaazima viti na kuchemsha chai. Kija alikuwa akichungulia kwenye uzio wa minyaa. Hakuja mtu. Bibi alisali rozari peke yake, kisha akaikunja mikeka mmoja mmoja. Kija aliona aibu mpaka chakula cha mchana kikamshinda.

Alasiri hiyo watoto wa mafundisho walikuwa waungame kwa mara ya kwanza. Rafiki yake Odeta, mtu wa kurahisisha mambo, alikuwa ameandika dhambi tano kwenye karatasi: kudokoa mboga, kusinzia kanisani, na nyingine za namna hiyo. Karatasi ilizunguka foleni nzima. Ungeiamini, ungesema watoto wote wa Kisesa wametenda dhambi zilezile, kwa mpangilio uleule.

Kija alipiga magoti, akazitaja zote tano bila kukwama. Padre Privatus aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia.

"Mwanangu, hizo ni zako, au umezikariri?"

Kija alianza kulia. "Nimezikariri, Padre. Yangu naona aibu kuisema."

"Kuona aibu si vibaya. Iseme hivyo hivyo na aibu yako. Itabaki hapa hapa."

Akaisema yote, kidogo kidogo. Padre hakumgombeza. Alimweleza kwamba Mungu humsamehe anayetubu kweli, lakini yule bibi bado anaumia, na ni wajibu wa Kija kuyarekebisha maneno aliyoyaanzisha. Alimshauri aanze kwa mama yake. Kisha akampa sala za malipizi na kumwondolea dhambi.

Jioni Kija alimweleza mama. Suzana alimpakata Maige, akalitazama jeraha lake. Hakugusa fimbo, na Kija aliona afadhali angeigusa.

"Na mimi niliyabeba hayo maneno bila kuuliza," mama alisema. "Tutakwenda wote."

Jumamosi iliyofuata, kwa ombi la Suzana, jumuiya nzima ilikutana kwa Bibi Kashindye. Kija alisimama mbele yao. Alisema Maige alianguka kwa uzembe wake yeye Kija, na kwamba Bibi hakupita pale kabisa.

"Shikamoo, Bibi. Nilikusingizia. Naomba unisamehe."

Watu wazima waliinamisha vichwa, na walistahili kuviinamisha.

"Marahaba, mjukuu wangu," Bibi alijibu. "Macho haya yamekuwa mekundu kwa moshi. Nimepikia kuni miaka hamsini. Mngeniuliza, ningewaambia."

Kisha akanyoosha mikono. Suzana akamweka Maige mapajani mwake, mbele ya watu wote.

Waliporudi nyumbani uso wa Kija ulikuwa bado unawaka kwa aibu. Mama alimshika mkono.

"Kuungama si kukariri makosa ya mwenzako," alisema. "Unasema lako, unasamehewa, halafu unatengeneza ulichoharibu. Kesho utamchotea Bibi maji kwanza, ndipo uchote yetu."