Waliomuulizia Mansuri

Siku Mansuri alipoacha kupokea simu ilikuwa Jumatatu. Mwaisha alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya pilipili manga na mdalasini sokoni Mkuyuni, amejifunga kanga ya zambarau ambayo Mansuri aliipenda. Alipiga asubuhi, akapiga mchana. Jioni akaambiwa tena kwamba mteja hapatikani.

Hawakuzoea hivyo. Walikutana stendi ya Msamvu, siku kiroba cha Mwaisha kilipopasuka na kijana mrefu asiyemjua akapiga magoti kumwokotea iliki katikati ya miguu ya abiria. Tangu hapo hawakupitisha siku bila kusikilizana. Mansuri alikuwa kibarua wa kupakua mizigo bandarini Dar es Salaam, ingawa kwao ni Kinole. Alimtania kwamba hata akitaka kumsahau hawezi, maana kila kontena la viungo linanukia yeye. Posa ilisubiri jambo moja tu. Mjomba wa Mwaisha, mzee Luqmani, alisema atampokea mwanamume mwenye kazi ya kudumu, si kibarua wa leo yupo, kesho hayupo.

Siku ya nne walikuja wanaume wawili. Mmoja alikuwa na faili la kahawia. Mwingine viatu vyake vilikuwa safi mno kwa tope jekundu la Mkuyuni. Walimsalimu kwa upole, wakamuuliza kama anamfahamu Mansuri, anaswali wapi, marafiki zake ni akina nani.

Mwaisha akakumbuka. Mwaka uliopita kijana mmoja wa bondeni aliuliziwa kwa maswali kama hayo. Mama yake alisema anamjua, ni mwanawe. Kijana huyo hajaonekana tena.

"Simfahamu," Mwaisha akasema.

"Hata kwa sura?"

"Nasikia alihamia Msumbiji. Mwaka wa tatu huu."

Ndilo jina la mbali lililomjia kinywani. Yule mwenye faili aliandika, akapigia mstari. Walipoondoka, Mwaisha alipanda mlima mpaka Kinole, akamweleza mama yake Mansuri, Bi Rehema. Wakakubaliana kusema neno hilohilo. Wale watu walipofika kesho yake, Bi Rehema alilisema akiwa amesimama mlangoni.

Siku ya kumi na moja simu iliita.

"Bibie," Mansuri akasema.

Mwaisha alilia kwanza. Kisha akamuuliza amejificha wapi.

"Nijifiche nini? Nilikuwa kwenye mafunzo ya ulinzi wa bandari. Simu tuliacha langoni. Sikukuambia, nilitaka nije na kitambulisho shingoni ukione mwenyewe. Wenzangu wote wamepata. Mimi wameandika kwamba kwetu sijulikani, tena nilikuwa Msumbiji. Mwaisha, mimi Msumbiji nimefika lini?"

"Ni mimi niliyesema."

"Wewe?"

"Nilidhani wanakuja kukuchukua."

Simu ikakatika. Hakupiga siku ile, wala iliyofuata.

Siku ya tatu alitokea sokoni mwenyewe, amekonda, shati limejaa vumbi. Alimweleza taratibu. Kanuni mpya zinataka kila mlinzi wa lango la meli za nje ahakikiwe nyumbani kwao, kwa kuulizwa watu, si kwa barua. Maneno yale yangeweza kufutwa na aliyeyaanzisha tu, kwa kiapo mahakamani. Lakini kumdanganya ofisa wa uhakiki ni kosa la jela.

"Sikuja kukuomba hilo," akasema. "Nitakwenda Dakawa, kwenye mpunga hakukosi kazi."

"Na mama yako je? Akiulizwa tena na watu wale?"

Mwaisha alifunga viroba vyake.

Kesho yake asubuhi walikuwa mahakamani, Morogoro mjini. Karani alimsomea Mwaisha karatasi ya kiapo mara mbili. Mwaisha akajitwisha uongo wote yeye, jina la Bi Rehema akaliacha nje. Alipotia sahihi, Mansuri alimshika mkono.

Jibu la ofisi ya uhakiki lilifika baada ya wiki mbili. Fedha za safari za uhakiki zimekwisha kwa mwaka huu, maofisa hawawezi kurudi milimani Uluguru. Mwaisha afike yeye.

Mzee Luqmani aliusoma wito, akampigia Mansuri simu, akamuuliza kama bado anamtaka mpwa wake.

"Shikamoo mjomba. Namtaka."

"Marahaba. Basi lete posa kesho, kazi au bila kazi. Hatakwenda kule kama mtu asiye na mwenyewe."

Posa imepokelewa. Alhamisi saa tatu asubuhi Mwaisha anatakiwa Dar es Salaam, ofisi ya uhakiki, ghorofa ya pili. Mansuri atamsubiri chini, kwa sababu bila kitambulisho haruhusiwi kupanda. Wito hausemi atatoka saa ngapi.