Jani la Isale Lililokuja kwa Basi

"Una uhakika mzigo ni wako?" dada wa kaunta ya mabasi pale Dodoma aliniuliza. "Mwepesi hivi, kama umefungiwa hewa."

"Jina si langu hilo? Anande. Lete nifungue."

Nikachana gazeti lililoufunika. Ndani kulikuwa na jani moja, refu, la kijani, limefungwa fundo katikati.

"Makubwa!" yule dada akacheka. "Mchumba anakutumia majani?"

Sikucheka. Mimi ni Mchaga wa Machame. Kwetu jani la isale si la salamu. Anayekuletea ni mtu aliyekukosea vibaya, na akishakuletea huwezi kumnyima msamaha. Aliyenitumia, kwa jina lililoandikwa kwenye gazeti, alikuwa Lesian, Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mwanamume niliyekuwa nifunge naye ndoa mwezi unaofuata. Na habari za isale nilimfundisha mimi, kwa mdomo wangu huu.

Nikampigia hapohapo.

"Lesian, umefanya nini?"

"Mke wangu! Ulifika salama?"

Ndivyo alivyo. Kila safari yangu ya kazi, swali lake la kwanza ni hilo.

"Nimeuliza umefanya nini."

"Jani umelipokea? Kwa mkono wako?"

"Nimelipokea! Sasa sema!"

Akashusha pumzi, nikasikia kabisa mtu ametua mzigo.

"Asante Mungu. Basi nitakueleza Jumamosi ukirudi. Fanya kazi kwanza, usijichoshe."

Jamani! Mtu anakuwekea moto kifuani halafu anakwambia usijichoshe. Nilipopiga tena, hakupokea.

Wiki yenyewe sasa! Nauza mbegu, na kampuni ilikuwa imenipa Dodoma, Singida na Babati kwa mkupuo mmoja. Dodoma wakala mkubwa akanikalisha nje nusu siku, kisha akasema nirudi mwakani. Tulipofika Manyoni gari likapata pancha. Singida nako neema ikafunguka, wakala akaagiza alizeti ya msimu mzima. Bosi akanitumia ujumbe: "Anande wewe ni jembe!" Jembe lenyewe wakati huo lilikuwa limejifungia choo cha hoteli, linalia.

Nikampigia Blessing. Huyu ni mtoto wa mama mdogo, ninaishi naye Engutoto, Arusha, nimemsomesha chuo kama mwanangu.

"Blessing, nani amekata isale yangu pale dirishani?"

Nikasikia anafunga mlango.

"We Blessing!"

"Shemeji, dada."

"Aliijuaje? Lesian hatofautishi isale na jani la mahindi."

"Nilimwonyesha mimi."

"Kwa kosa gani?"

Akaanza kulia, kile kilio cha kuziba mdomo na kanga.

"Dada, nina mimba. Ukisafiri shemeji alikuwa anakuja kuangalia kama nimekula..."

"Kuangalia kama umekula."

"Nisamehe, dada. Yeye kakata jani. Mimi hata kulishika naona aibu."

Nilikata simu. Sijui nilikaa pale sakafuni muda gani. Kilichoniinua ni ujumbe wa Lesian.

"Blessing ameniambia umejua. Nimekosa sana mpenzi. Ila kumbuka jani umeshalipokea, na mila yenu mnaiheshimu. Harusi iko palepale. Nakupenda."

Kumbe! Alinitanguliza kwenye msamaha kabla sijajua kosa. Mwenzangu alikuwa amenifunga kwa kamba yangu mwenyewe.

Babati nilisimama mbele ya mawakala nikasifia mahindi, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Nilipomaliza nikampigia mama.

"Mama, isale iliyokuja kwa basi ina nguvu?"

"Isale ni isale, mwanangu. Umeishika, msamehe. Ukikataa unajitafutia balaa."

"Na harusi?"

"Kadi zimeshatoka, Anande. Watu watasema nini? Wanaume ndivyo walivyo."

Jumamosi asubuhi nikaingia Engutoto. Mlima Meru ulikuwa wazi, hauna hata wingu. Mama alikuwa ameshafika kutoka Machame. Lesian yuko sebuleni, shati limepigwa pasi, na Blessing kajifungia chumbani. Aliponiona tu, Lesian akapiga magoti.

"Anande wangu, nisamehe."

"Nimekusamehe."

Akaruka akashika mikono ya mama.

"Si nilisema? Hata baba yangu nilimwambia, Wachaga isale hawaikatai!"

"Ni kweli, hatuikatai," nikamjibu. "Ila nilikufundisha nusu. Twende nje."

Nikachukua panga, nikakata shina la isale pale dirishani.

"Mama, kule kwetu shamba la baba linaishia wapi?"

Mama alielewa.

"Kwenye masale, mwanangu. Ndiyo mpaka wetu na jirani."

"Na mpaka wa isale unang'olewa?"

"Haung'olewi."

Nikachimba langoni, nikalichomeka lile shina, nikalikandamizia udongo kwa mguu.

"Lesian, wewe unaishia hapa."

"Lakini umenisamehe!"

"Nimekusamehe. Sikulaani, wala sitakusema vibaya kwa mtu. Ila mke wako si mimi. Una mtoto anakuja, kamlee."

"Ninayempenda ni wewe, Anande."

"Na mimi nakupenda, mjinga wewe! Ningekuwa sikupendi ningelia hivi?"

Alisimama, akatazama lile shina, akamtazama mama. Mama akageuza uso. Basi akalipita, akashuka barabarani, na shati lake la pasi likaniumiza kuliko maneno yote aliyowahi kuniambia.

Nikaingia chumbani kwa Blessing. Amejikunyata ukutani, tumbo bado halijaonekana. Nikalitoa lile jani la Dodoma kwenye mkoba, limeshaanza kunyauka, nikamwekea kiganjani.

"Ulisema unaona aibu kulishika. Haya, umelishika. Niombe."

"Dada..."

"Niombe, Blessing, kabla moyo haujabadilika."

Akaomba. Nikamsamehe. Tukalia wote wawili mpaka mama akaja kutufunika shuka kama watoto wenye homa.

Jumatatu bosi akanipeleka Mbeya, kwa sababu mimi ni jembe. Nilifika, nikaoga, nikakaa kitandani na simu mkononi. Nilingoja, mjinga mimi. Hakuna aliyeniuliza kama nimefika salama.