Kadi Iliyoshindwa Idodi

Faustina hakuwa na nia ya kununua. Alisimama tu kwenye msongamano wa soko la Mwanjelwa, sweta la njano, kitenge kimekazwa kiunoni, akimsikiliza mwenye duka akiwasifia vijana wa gemu kadi ya grafiki ya kompyuta: picha laini, haikwami, haipati moto. Na kwa bei yake, jamani, unapata pikipiki.

"Umeipima wapi?" akauliza.

"Hapa hapa dukani."

"Mbeya, Juni hii? Hapa hata chai haikai na moto."

Watu wakacheka. Gwakisa, mwenye duka, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, alimtazama mpaka akasahau anachouza. Akaja kujua kuwa binti ni wa Iringa, anapima vifaa vya kompyuta na kuweka video mtandaoni, na wacheza gemu wengi hawanunui kabla hajasema. Akampa kadi akaipime. Namba ya simu alimpa bila kuombwa.

Simu hazikupoa. Gwakisa alianza kwa salamu ya Kihehe: "Kamwene, malkia, kadi yetu inasemaje?" Naye humjibu kwamba inamkumbuka mwenye duka. Iringa, juu kilimani, kadi ilikimbiza gemu nzito kutwa bila shida. Gwakisa akapanda basi kumfuata, wakala chipsi Miyomboni, akamshika mkono mbele za watu. Mpimaji mwingine angeishia na majibu ya Iringa. Faustina alibeba kompyuta yake hadi Idodi kwa shangazi, kule chini njia ya Ruaha, ambako jasho linakutoka ukiwa umekaa. Haikupita saa, feni zikanguruma kama mashine ya kusaga na picha zikaanza kukwama.

Gwakisa ndiye aliyeambiwa kwanza. Akamsihi aonyeshe majibu ya Iringa tu. Alikuwa ameagiza mzigo mzima. Usipotoka, duka linafungwa.

"Fau, kweli unanipenda?"

"Nakupenda. Na kadi inachemka. Yote mawili ni kweli, na sifuti hata moja."

Gwakisa akakata simu. Faustina alilia, tena alilia hasa, kisha akanawa uso na kupandisha video nzima, Idodi ikiwemo. Mlitaka afanyeje? Kuna wanaume wanadhani kupendwa ni kufichiwa aibu. Hakumpigia, wala hakupigiwa.

Mwezi uliofuata alirudi Mwanjelwa kurudisha kadi, kichwa juu, sweta lile lile. Kwenye kioo kikubwa cha duka alikuta uso wake mwenyewe, video ikicheza, imefika Idodi. Chini yake Gwakisa alikuwa akimkatalia Masunga, kijana wa wafugaji wa Usangu, aliyekwishashika pesa mkononi. Akamwambia kwao kuna joto, itamkwamia, achukue ile ya bei nafuu.

Masunga alipotoka, Faustina akaiweka kadi mezani.

"Niliitazama video yako nikitafuta uongo," Gwakisa akasema. "Sikuuona. Nisamehe. Hizi nitawauzia watu wa baridi, Igowole wameshaanza kuulizia. Zisipotoka, nitaanza upya." Akavuta pumzi. "Nataka kukuoa."

"Wewe nimekuona Mbeya na Iringa tu," Faustina akasema. "Jumamosi twende Idodi. Shangazi hana huruma na wakwe. Ukishindwa, nitasema."

"Na nisiposhindwa?"

"Nitasema pia. Mbele za watu."