Uzito wa Watu Wawili

Kiroba cha mchanga kilikuwa na uzito wa mtu mmoja tu, na hakikuwa na sababu ya kushuka kasi vile. Fundi Kamba, zimamoto aliyepewa kazi ya kuchagua vifaa vipya vya kujiokolea, alikitazama kikiporomoka kutoka dirisha la juu la mnara wa mazoezi, akasonya. Kile chuma kinachobana kamba kilipaswa kukishusha taratibu. Akafunga chuma cha aina nyingine, cha bei mbaya. Kiroba kikaanguka puu! Kamba ikabaki inanuka nywele zilizoungua.

Kazi yake aliijua, na sifa alizipenda. Hakuikunja kamba kwa madaha kama washamba. Aliisokomeza ovyo ovyo kwenye mfuko wa mkanda wa kujiokolea, ili siku ya moto itoke bila fundo. Lakini sasa kila mfuko uliopita mikononi mwake ulikuwa mzito kuinua, na mchana kweupe alisikia mtu akihema kisogoni pake, kama aliyekosa hewa.

Alijua ni nani, na hiyo ndiyo iliyokuwa aibu yake. Wiki iliyopita, ndani ya nyumba inayoteketea, sauti ya mwanamke ilimwita kutoka chumba cha ndani: "Baba, usiniache!" Yeye alikuwa ameshatundika ndoano dirishani. Akashuka. Baadaye wenzake walipekua majivu wasione mtu, na majirani wakasema nyumba ile ilikuwa na majini tu, miaka na miaka. Zamu nzima ikacheka. Naye akacheka, ingawa pale dirishani hakujua kama ni jini. Alijua anaitwa, basi.

"Kaka," Mama Pacha alinong'ona. Ndiye zimamoto mwenzake aliyepangiwa kuvijaribu vifaa siku hiyo mbele ya mkuu wa zamu, na tayari alikuwa amekalia kizingiti cha dirisha la mnara. "Huu mkanda umeuwekea nini? Unanivuta nyuma."

"Vua."

"Mkuu anatutazama."

Fundi Kamba angeweza kunyamaza. Angesingizia chuma, na Mama Pacha angeanguka, na watoto wake wawili wangeambiwa mama yenu alikosea.

"Vua, dada!" akapaza sauti hadi chini wakasikia. "Humu kuna mtu. Nilimwacha kwenye moto!"

Akajifunga mkanda mwenyewe, akatoka dirishani, na papo hapo mikono miwili ya moto ikamkumbatia shingoni, na kifua kikamlalia mgongoni kikihema, na kamba ikaanza kukimbia ndani ya chuma, naye akaing'ang'ania kwa mikono yote miwili mpaka glovu zikafuka moshi, akishuka, akilia, akisema samahani, samahani, mpaka miguu yake ikagusa ardhi na ile mikono ikamwachia.

Mkuu wa zamu alimsogelea. "Ulimsikia akikuita?"

"Nilimsikia, mkuu."

"Ukashuka."

"Nikashuka."

Hakuna aliyemkaripia. Wote walikuwa wanatazama nyuma ya bega lake. Mkuu akachukua blanketi garini, akalitandika chini polepole, kama wafanyavyo kwa kila anayeokolewa.

"Kaa hapa, mama," akasema. "Pole sana."

Blanketi likabonyea. Fundi Kamba akaendelea kukodolea macho viatu vyake, maana hakuwa na uso wa kugeuka.