Mama Mkwe Mgongoni

Kila Jumamosi mjukuu wangu Warigia huja kwangu Theta kutoka Membley, anakoishi na wazazi wake. Akifika, mimi huwa nimeshamkama ng'ombe wangu, Njeru. Kazi ya Warigia ni kufagia banda la kuku na kuokota mayai. Ana miaka kumi na miwili na mikono miwili mizima, kwa hivyo si kazi ya kumshinda.

Jumamosi hiyo hakufagia. Nilimkuta amesimama katikati ya banda, ameshika ufagio kama kipaza sauti, anawahutubia kuku.

"Warigia, kuku hawajaomba hotuba. Fagia."

"Nafanya mazoezi, cucu! Jumatatu nitasimama kwenye paredi mbele ya shule nzima. Mwalimu Nzioki amenichagua."

Cucu kwetu ni bibi. Nilimwomba anieleze polepole. Mwalimu wao alikuwa amewapa wanafunzi filamu ya zamani, kila mmoja akaipeleka nyumbani kwa fleshi, kile kidude cha kuchomeka kwenye televisheni. Ni filamu iliyoshinda tuzo nyingi kabla mama yake Warigia hajazaliwa. Inahusu watu waliovuka jangwa wakitafuta mto. Ijumaa mwalimu aliuliza ni nani ameitazama yote. Warigia na kijana mmoja, Gachau, waliinua mikono. Akachaguliwa Warigia aisimulie, kwa sababu ana sauti inayosikika hadi barabarani.

"Basi nisimulie mimi kwanza," nilisema, nikaketi na ungo wangu wa maharagwe.

"Kulikuwa na jamaa anaitwa Kamaa..."

"Kamaa? Huko jangwani?"

"Ndiyo, cucu, usinikatize. Kamaa alikuwa mjanja. Akachukua watu wake wakaenda kutafuta maji. Jua likawaka, mama mkwe wake akachoka, Kamaa akambeba mgongoni, huku akimwambia apunguze kula chapati..."

Niliacha maharagwe. "Akambeba nani?"

"Mama mkwe wake."

"Mgongoni?"

"Mgongoni, cucu."

"Haiya! Warigia, baba yako amemwoa binti yangu miaka kumi na mitano. Akija hapa huketi wapi?"

"Kile kiti cha mlangoni."

"Na mkono wa salamu hunipa vipi?"

Alicheka. "Haraka, kama mtu ameshika sufuria ya moto."

"Hiyo ni heshima ya mkwe. Sasa wewe unaniambia mwanamume atambeba mama mkwe wake mgongoni na kumtania juu ya chapati, na watu wampe tuzo?"

"Labda kwao ni sawa."

"Labda. Huyo mama alikuwa amevaa nini?"

Kuku mmoja alimpita Warigia miguuni, naye akamwangalia huyo kuku kana kwamba angemsaidia kujibu.

"Warigia. Filamu hiyo uliitazama?"

Ilinibidi niulize mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama. Ndipo ukweli ukatoka. Fleshi ya mwalimu ilikuwa ndani ya mkoba wake wiki nzima, haijaguswa. Alichotazama, kwa rafiki yake Maxine, ni filamu hiyo hiyo iliyokatwakatwa na dijei. Nyinyi mnawajua hao madijei. Hufupisha filamu ikawa ya nusu saa, wakaongea juu yake, wakawapa watu majina ya kwetu, na kila mahali palipo kimya wakajaza mizaha.

"Ile yenyewe ni saa tatu na nusu, cucu! Nani atakaa hapo?"

"Wewe. Na mimi. Leta hiyo fleshi."

Tulianza saa nne asubuhi. Kufika saa nne na robo, Warigia alikuwa ameshika rimoti anataka kurukisha mbele. Nikaichukua, nikaitia katika mfuko wa aproni yangu.

"Cucu, hakuna kinachotendeka. Wanatembea tu."

"Na sisi tutatembea nao. Huyo mwenye kilemba anasema nini?" Kiingereza changu kiliishia darasa la nne, na Kiingereza cha filamu hiyo kilikuwa cha mbio.

"Wanaongea tu."

"Dakika tano watu wanaongea huku mmoja analia, na wewe unaniambia wanaongea tu? Nitafsirie!"

Alipumua kama tairi lililotobolewa. Lakini mtu hawezi kutafsiri bila kusikiliza, na polepole alianza kusikiliza. Aliniambia kwamba kiongozi wao anaitwa Idran. Aliniambia kwamba tajiri mmoja ameuziba mto wao, na mashamba yao yamekufa. Halafu akanyoosha kidole. "Cucu! Yule bibi mzee si mama mkwe. Ni mama mzazi wa Idran!"

"Ndiyo maana anaweza kumbeba," nilisema.

Katikati filamu ilisimama yenyewe, muziki ukapigwa, tukaambiwa tupumzike, kama filamu za zamani zilivyokuwa. Nilikwenda kumpa Njeru maji. Niliporudi Warigia alikuwa bado ameketi palepale, na mayai hayajaokotwa. Nilitaka kumkaripia, nikajizuia.

Kisha wakafika uwanda mweupe usio na mti. Mama akaanguka. Idran akamwinua, akamweka mgongoni, akaanza kutembea. Akatembea. Hakuna muziki, hakuna neno. Nyayo tu na upepo.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Hasemi kitu, cucu."

Akazidi kutembea, na mkono wa mama ukateleza begani mwake, ukaning'inia. Idran hakusimama. Warigia alijifuta uso kwa kola ya fulana yake.

"Dijei aliweka chapati hapa," alisema kwa sauti ndogo.

Filamu ilipokwisha, aliniuliza afanye nini sasa. Nilimwambia kwamba anajua. Alinuna hadi jioni, akafagia banda kwa hasira, akavunja mayai mawili. Nilimwacha anune.

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema. "Nilimwambia mwalimu kabla ya paredi," alisema kabla hata ya kunisalimia. "Nilimwambia kwamba Ijumaa niliinua mkono na sikuwa nimeitazama."

"Akasema?"

"Alimpa Gachau nafasi yangu. Nikaketi chini kama wengine. Cucu, nilitaka kuingia ndani ya ardhi! Gachau akasimulia vizuri, halafu akafika kwenye ule uwanda, akasema, 'Hapa nilisinzia kidogo.' Shule nzima ikacheka. Mwalimu akauliza kama kuna mtu anayejua kilichotokea hapo."

"Ukainua mkono."

"Polepole. Mwalimu akaniangalia sana, kisha akaniita mbele. Nikawaambia Idran alimbeba mama yake. Halafu nikanyamaza, kama kwenye filamu. Cucu, hakuna aliyecheka. Hata darasa la nane."

Nilimpa ufagio, kwa sababu banda lilikuwa linamngoja.

"Sikiliza, mama," nilimwambia. "Ukisema umeona, uwe umeona. Kama hujaona, sema hujaona, maana hilo halikupunguzii chochote. Mtu atakuketisha akuonyeshe. Lakini ukiinua mkono kwa kitu ambacho hukukifanya, siku moja utasimama mbele ya watu ukiwa umembeba mama mkwe mgongoni."

Alicheka hadi akaegemea mlango wa banda. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa fleshi nyingine.

"Mwalimu Nzioki ametupa mpya. Hii ni ya saa nne."

"Ngai!" nilisema. "Okota mayai kwanza."