Harusi ya Datsun

ALHAMISI, SAA NANE MCHANA

Kiunga alichora barabara kwa chaki kwenye sakafu ya chumba cha nyuma, dukani kwake Nkubu, kati ya tairi kuukuu na mitungi ya oili. Nkubu juu. Chuka. Embu. Halafu mstari ukakata kona, ukashuka mpaka Siakago.

"Abdimajid anangoja hapa na lori. Gari inaingia ndani, magunia ya ndengu yanapangwa nyuma yake, lori inaenda Mombasa. Kuna mtu huko anaitaka."

Abdimajid, msafirishaji wa Meru mjini, aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa maneno.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun ya spoti ya mwaka sabini na mbili. Nyekundu. Milango miwili, viti viwili, basi. Marehemu mume wa Mama Marcella alikuwa akishindana nalo mbio za magari enzi zake. Alipokufa, mjane alilifunika turubai akamkabidhi Mutegi ufunguo. Mutegi ni fundi. Miaka tisa sasa, kila wiki huenda kuliwasha lisije likafa, na akimaliza anakaribishwa chai ya maziwa. Mama Marcella humwita mwanangu. Na ndiye huyo aliyekuwa amekaa juu ya tairi, ufunguo mfukoni, akitazama chaki ya Kiunga. Watu wengine, jamani, hawana haya.

"Na makarao?" Mutegi aliuliza.

"Karao anasimamisha mwizi. Bwana harusi, polisi huyo huyo anampigia saluti." Kiunga alicheka peke yake. "Jumamosi. Tunapamba gari riboni na maua. Mimi natangulia na Probox nikipiga honi. Mama Marcella ni Msabato, nyumba nzima itashinda kanisani, mpaka mlinzi. Wewe utavaa suti. Igoki atavaa shela."

Igoki, aliyeegemea mlango, alimtazama Mutegi akatabasamu. Hapo ndipo fundi alipokwisha. Miaka miwili alikuwa akimfuata msichana huyo, anamnunulia vocha, anamtengenezea pikipiki ya kaka yake bure. Wiki mbili zilizopita Igoki alimwambia: kazi hii moja, halafu Mombasa, mimi na wewe. Mutegi hakutaka kitu kingine. Pesa angeweza kuzikosa. Igoki, hapana.

JUMAMOSI, SAA TATU NA NUSU ASUBUHI

Suti ya kukodi ilimbana Mutegi makwapani. Alivuta choki, akakanyaga mafuta mara mbili kama gari lilivyozoea, akazungusha ufunguo. Injini ikaguna, ikanguruma. Geti la Mama Marcella alilifunga mwenyewe, akahakikisha kuku hawatoki. Ndiyo. Mwizi aliyejali kuku.

Igoki alipandia kona ya pili, nje ya duka la Kiunga, shela yake ikajaa gari zima.

Ilikuwa rahisi mno. Watu wa boda boda waliwasindikiza kwa honi. Watoto walikimbia kando ya lami. Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliona riboni, akasogea pembeni, akapunga mkono. "Hongereni!" Mutegi alipunga pia. Alikuwa amesahau kuogopa. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtia wazimu.

"Igoki."

"Mm."

"Tukifika Mombasa tufanye ya kweli."

"Angalia barabara," Igoki alisema.

SAA TANO KASOROBO, CHUKA

Kiunga alikuwa amehesabu vizuizi vyote, akajua askari yupi yuko zamu na yupi hapendi maswali. Yeye, mtoto wa huku huku, aliyezaliwa na kulelewa huku, akasahau kina mama.

Gari la harusi halipiti sokoni hivi hivi. Wauza ndizi waliliona kwa mbali, wakaacha mafungu yao, wakatandaza leso barabarani na kuanza kuimba. Probox ilikuwa imeshapita. Datsun ikafunga breki. Mpaka bibi harusi ashuke, acheze kidogo, atoe chochote, hamwendi popote. Ndivyo ilivyo.

"Wape mia mbili," Igoki alinong'ona. "Haraka."

Mutegi aliteremsha kioo. Mama mmoja mnene akainama kuzipokea, akabaki ameinama.

"Mutegi?"

Lo! Alikuwa Cicily, mdogo wa mama yake. Tata Cicily, aliyemlisha ndizi akiwa bado hajaota meno.

"Tata..."

"Unaoa?" Sauti ilipanda. "Unaoa, Mutegi, na unapita hapa kwangu kama mgeni? Tumekukosea nini?"

"Tata, nitakueleza. Tuna haraka kidogo."

"Mamako anajua?"

Mutegi akatazama usukani. Wimbo ukafa. Wanawake walimtazama kama mtu aliyekojoa kisimani. Cicily alifuta machozi kwa kiganja, akazunguka upande wa pili, akafungua leso yake kiunoni na kumfunika Igoki mabegani.

"Wewe huna kosa, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Wa kule mjini Maua," Igoki alisema, akitazama miguu yake.

"Karibu kwetu. Hata kama wametuficha, karibu."

Kisha akatoa simu, pale pale katikati ya barabara, akampigia dada yake. Mutegi aliisikia sauti ya mama yake, nyembamba, kutoka shambani kule Nkubu: "Harusi gani?"

Leso ziliinuliwa. Aliondoka bila kuaga.

SAA SITA NA ROBO, RUNYENJES

Simu yake iliita. Ikaita tena. Mama. Mama. Mama. Aliigeuza kifudifudi mapajani. Igoki naye alikuwa akiandika kwenye yake, kidole hakitulii.

"Unamwandikia nani?"

"Kiunga. Lazima ajue."

"Ni tata tu. Hatatuuza."

"Hahitaji kutuuza, Mutegi. Amefurahi. Anaambia kila mtu."

Hakumwangalia tena mpaka Embu.

SAA SABA NA NUSU, SIAKAGO

Nyuma ya ghala la nafaka, lori lilikuwa limeteremsha mbao za kupandishia gari. Mutegi aliipandisha Datsun polepole, sentimita chache kila upande, akaifunga matairi kwa kamba mwenyewe. Vibarua wakaanza kupanga magunia. Jua la Mbeere lilichoma. Aliporuka chini, Kiunga alikuwa anamngoja.

"Mamako amekupigia mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Basi wewe umejulikana. Sura, jina, gari, kila kitu. Kila atakayekuona atakumbuka." Alisema bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Unabaki."

"Kiunga, mimi ndiye niliyeileta."

"Na tunashukuru."

Abdimajid alipanda kwenye usukani bila kugeuza shingo. Mutegi alimtafuta Igoki kwa macho. Alikuwa ameshavua shela. Ndani alivaa jinzi tangu asubuhi. Alikuwa anafungua mlango wa mbele wa Probox.

"Igoki, baki. Tutapata njia nyingine."

"Nibaki hapa nifanye nini? Ningoje mamako aje kunisalimia?"

"Ulisema Mombasa. Wawili."

"Nilisema Mombasa," Igoki alisema.

Aliingia, leso ya tata Cicily bado mabegani, akafunga mlango. Lori likatoka kwanza, Probox ikafuata. Mutegi alisimama na suti yake kwenye vumbi. Kilichomuuma si kuachwa. Kilichomuuma ni kwamba angemsamehe hata sasa, kama angegeuka mara moja tu dirishani. Hakugeuka.

SAA NANE KASOROBO

Simu ikaita. Safari hii aliipokea.

"Niko kwa kanisa la Wasabato," mama yake alisema, akihema. "Nimekuja na boda boda. Cicily ameniambia ni ile gari nyekundu. Nimemwuliza huyu Mama Marcella, anawezaje kutoa gari ya harusi na mimi mama wa kijana sijaambiwa? Anasema hata yeye hajui. Ongea naye."

Simu ikabadilisha mikono.

"Mwanangu," Mama Marcella alisema. Alikuwa anacheka. "Umetuweza. Kwani ulidhani ningekunyima? Mzee angefurahi sana, hiyo gari kubeba bibi harusi. Sasa mrudi polepole. Mleteni msichana tumwone. Nimeambia kwaya isiondoke."

Nyuma yake Mutegi alisikia watu wengi wakizungumza kwa furaha, na mtu akijaribu sauti ya kwanza ya wimbo.

"Mama, hakuna harusi."

"Kwani ameghairi? Pole, mwanangu. Pole sana. Wewe uko wapi?"

Afadhali angemtukana.

"Nimekuibia gari," alisema.

Mama Marcella hakulia, hakuuliza kwa nini. Alimrudishia mwenyewe simu yake.

"Mutegi?" mama yake alisema. "Mutegi, umemwambia nini huyu mama? Mbona ameketi chini?"

SAA NANE NA ROBO

Kituo cha polisi hakikuwa mbali. Alitembea katikati ya barabara na watu wakampisha. Askari wa zamu aliinua macho, akaona suti, akaona ua kifuani, akacheka.

"Bwana harusi! Bibi umempoteza wapi?"

"Yuko ndani ya Probox nyeupe, imeshika barabara ya Embu. Mbele yake kuna lori la ndengu. Ndani ya lori kuna gari la wizi. Niliiba mimi." Mutegi aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta. "Chukua kalamu. Nitakupa majina."

Askari aliacha kucheka. Akafungua kitabu.

"Haya. Wa kwanza nani?"

Mutegi hakufikiri hata kidogo.

"Igoki," alisema, akamtajia na jina la baba yake.