Bibi na Haraka ya Daktari

Bibi yetu huuza mitumba. Hanunui shati kabla ya kuligeuza ndani nje na kuvuta mishono yake. Humshuku kila mtu, hasa mimi, mjukuu wake ninayesoma shule ya bweni. Kwa hiyo asubuhi alipoteleza bafuni, nilishukiwa mimi kabla ya sabuni.

"Nani kamwaga maji hapa?" aliuliza akiwa sakafuni.

Siku hiyo sikuwa na hatia. Hakuna aliyenipongeza.

Bibi hakuweza kunyanyuka. Mguu wa kushoto ulionekana mfupi kuliko mwenzake, na wayo ulikuwa umegeukia nje. Mjomba akakunja mikono ya shati.

"Umeteguka tu, mama. Nauchua sasa hivi."

"Usiuguse," alisema jirani yetu, muuguzi mstaafu, aliyekuja kwa kusikia kelele. "Mzee akianguka na mguu ukawa hivyo, huenda nyonga imevunjika. Ukimchua utamuumiza zaidi. Tutafute gari."

Hospitali wakampa dawa ya maumivu, wakampiga picha. Kweli, mfupa ulikuwa umevunjika karibu na nyonga.

"Tukufanyie upasuaji kesho, mama," alisema daktari.

Bibi akamtazama kama shati lisilo na vifungo. Daktari alipotoka, akanong'ona, "Kesho? Sokoni, anayeniharakisha huwa anaficha tundu."

"Hata mimi nimeshtuka," Mjomba akadakia. "Turudi nyumbani ulale. Mfupa utaunga wenyewe."

Bibi akaomba viatu vyake. Jirani, aliyekuja nasi hospitali, akavuta kiti.

"Unamshuku daktari, sawa. Na kitanda je, hukishuku?"

"Kitanda kimenikosea nini?"

"Mzee akilala tu, damu huweza kuganda miguuni. Mapafu huugua. Mgongo hutoka vidonda, nguvu za miguu huisha. Wengi hawarudi kutembea, na wengine hufa. Haraka ya daktari ni kukutoa kitandani."

"Nikifia huko ndani?"

"Hatari ipo, sikufichi. Ndiyo maana wanakupima moyo na damu kwanza. Lakini kulala kuna hatari zaidi. Muulize mwenyewe."

Daktari akaitwa, akaeleza kwamba mfupa utashikwa kwa chuma, akahojiwa kama mwizi wa kuku.

"Hicho chuma mtakachoniwekea, ni kipya au kimeshavaliwa na mtu?"

"Kipya, mama. Bado kimefungwa."

"Nataka kukiona."

Daktari akaleta kimoja cha kufundishia. Bibi akakigeuza huku na huku, akikagua ncha hadi ncha. Hakuona kasoro. Ilimuuma kidogo.

"Haya. Nishoneni."

Kesho yake upasuaji ukafanyika salama. Siku iliyofuata akaja dada wa mazoezi ya viungo, akisukuma fremu ya kutembelea. Mjomba akaziba njia.

"Jana mlimkata, leo mnamsimamisha?"

"Chuma kimeshika mfupa, kaka. Asiposimama ndipo atadhoofika."

Bibi akashika fremu, akauma meno, akasimama. Akapiga hatua. Akapiga nyingine, mimi nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Nyumbani tulitoa mkeka unaoteleza, tukaweka taa nzuri na chuma cha kushikilia bafuni. Bibi anakunywa dawa ya kuimarisha mifupa, na mazoezi hayakosi.

Sasa anakwenda sokoni kwa mkongojo wake. Mjomba bado ana huruma nyingi. Kila jioni humwambia, "Mama, nenda ukalale kidogo."

Bibi humnyooshea mkongojo.

"Wewe mtoto, nimekukosea nini?"